Kudhaminiwa Si Kupenyezwa

Kwa muda wa miaka miwili au mitatu hivi, watu wanaoketi kwenye majopo ya kuajiri mjini Kisumu wamekuwa wakisimulia jambo lile lile. Tangazo dogo la nafasi moja likiwekwa mtandaoni Jumatatu, kufikia Ijumaa limeleta mamia ya barua, na barua zote ni nzuri. Hazina kosa la tahajia, hazina aya inayoyumba, na kila moja inamweleza mwombaji kuwa mtu mwenye bidii, anayejituma, anayeweza kufanya kazi peke yake na pia pamoja na wenzake. Zimeandikwa na programu za akili unde, au angalau zimepitishwa humo zikapigwa pasi. Sioni dhambi katika kufanya hivyo. Tatizo ni kwamba anayezisoma hana tena namna ya kumtambua anayeijua kazi kati ya wasioijua, kwa sababu wote wanazungumza kwa sauti moja. Mwishowe huweka rundo kando, huinua simu na kumwuliza mtu anayemwamini kama kuna yeyote anayemfahamu.

Habari ya simu hiyo imewafikia vijana, nao wameitafsiri kwa namna moja tu: kujuana kumerudi, na safari hii hakujifichi. Katika makundi ya WhatsApp ya waliohitimu, ushauri unaosikika sasa ni kwamba mtu aache kumaliza bando kwa kutuma maombi, atafute wa kumshika mkono. Naielewa hasira iliyomo ndani ya ushauri huo, maana nchi hii imeonja uchungu wa kujuana kwa muda mrefu. Hata hivyo, naona tafsiri yenyewe imekosea. Simu ile inaweza kuwa ya aina mbili zilizo mbali kabisa: ya kumpenyeza mtu, au ya kumdhamini mtu. Kuzichanganya aina hizi mbili kunawapotosha wanaotafuta kazi na wanaoitoa vilevile. Uhusiano wa kikazi wa kweli ni ule unaozaa udhamini, yaani mtu aliyeiona kazi yako kwa macho yake yuko tayari kuweka jina lake juu yake. Na uhusiano huo kwa kawaida hauanzii kwa wakubwa, wala haupatikani katika wiki ambayo mtu amefukuzwa kazi.

Tuanze na barua yenyewe. Mwaka 1973 mwanauchumi Michael Spence, ambaye mwaka 2001 alikuwa mmoja wa watatu waliotunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi, alieleza kwamba mwajiri hawezi kuuona uwezo wa mwombaji moja kwa moja, kwa hiyo hutegemea ishara; na kwamba ishara huwa na maana pale tu ambapo kuipata kuna gharama, na gharama hiyo ni nzito zaidi kwa asiye na uwezo kuliko kwa mwenye uwezo. Barua nzuri ilikuwa ishara ya aina hiyo. Kuiandika kulichukua jioni mbili, kulihitaji mtu anayeimudu lugha na aliyejisumbua kuifahamu kampuni anayoiandikia, na aliyeandika ovyo alijifichua mwenyewe. Siku hizi inachukua dakika moja, kwa mjuzi na kwa asiyejua sawasawa, na ishara isiyogharimu kitu haimtengi mtu na mwenzake. Hilo halikuletwa na ukabila wala na tamaa ya mameneja. Limeletwa na chombo kipya kilichoshusha bei ya maneno, na maneno yaliyoshuka bei hayawezi kubeba mzigo uliokuwa ukibebwa na yale ya zamani.

Tena inafaa kukumbuka kwamba barua haikuwahi kuwa njia kuu ya kupata kazi hapa kwetu. Takwimu za serikali huonyesha mwaka baada ya mwaka kwamba zaidi ya asilimia 80 ya ajira nchini, ukiacha kilimo kidogo, ziko katika sekta isiyo rasmi. Katika karakana za jua kali za Kibuye, kando ya barabara iendayo Kakamega, hakuna anayeombwa wasifukazi. Mgeni huletwa na fundi mwingine, hupewa vipande viwili vya chuma aviunganishe, na mwenye karakana hupitisha kidole gumba juu ya mshono kabla haujapoa sawasawa, kisha hukigeuza chuma upande wa pili, kwa sababu mshono unaopendeza juu unaweza kuwa haukushika chini. Akiridhika huuliza swali moja: ulikuwa kwa nani? Swali hilo halina uhusiano na lile lingine tulilolizoea katika ofisi nyingi, la wewe ni mtoto wa nani. La kwanza linatafuta shahidi wa kazi, na la pili linatafuta ukoo. Ninachokiona ni kwamba ofisi zenye viyoyozi zimeanza kulazimika kuuliza swali la Kibuye, nasi tunalisikia kana kwamba ni lile la ukoo.

Mwaka jana niliketi katika jopo la namna hiyo, la kampuni ndogo inayofunga pampu za sola kwa wakulima. Barua zilizidi mia mbili kwa nafasi mbili. Miongoni mwazo kulikuwa na ya binti aliyekuwa amemaliza stashahada, ambaye vyeti vyake havikuwazidi wenzake kwa lolote, lakini chini ya jina lake alikuwa ameandika nambari za watu watatu, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa mkubwa: mkulima wa mpunga huko Ahero, muuza vipuri, na mwenzake waliyekuwa naye kwenye mafunzo. Tulimpigia mkulima. Alipokea akiwa shambani, maji yakisikika nyuma yake, na hakumsifu kwa maneno ya jumla. Alitueleza kwamba pampu ilipofungwa ilifanya kazi vizuri. Kwamba siku ya tatu yule binti alirudi bila kuitwa, kwa bodaboda aliyoilipia mwenyewe, kwa kuwa kulikuwa na kiungo kimoja cha bomba ambacho hakikumtulia moyoni. Na kwamba kiungo hicho kweli kilikuwa kimeanza kutoa jasho, jambo ambalo yeye mwenye shamba hakuwa ameligundua. Hawakuwa ndugu, na mkulima hakulikumbuka hata jina lake la pili. Baada ya simu hiyo ya dakika nne tulijua juu ya mwombaji mmoja mambo ambayo zile barua nyingine zote hazikuweza kutuambia juu ya mtu yeyote.

Wapo wanaosema kwamba hata simu kama hiyo ni mlango wa ufisadi, na hoja yao ina uzito, tena uzito wa sheria. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 232, inataka uteuzi na upandishaji vyeo katika utumishi wa umma uongozwe na ushindani wa haki na ustahili. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inasema taasisi ya umma isiwe na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuanzia ziwaendee watu wasiotoka katika jamii iliyo kubwa katika kaunti hiyo. Sheria hizi hazikutungwa kwa sababu watu walikuwa hawana la kufanya. Zilitungwa kwa sababu katika ofisi nyingi za umma swali la ukoo lilikuwa limelimeza swali la kazi, na kijana wa jamii ndogo aliyeishi miaka yote Nakuru au Kisumu alijikuta mgeni mbele ya dawati la ofisi ya mtaani kwake. Mwenye kusema kwamba mapendekezo ya watu hulifungulia tatizo hilo dirisha hasemi uongo. Anayependekeza hupendekeza anaowajua, na anaowajua mara nyingi ni wale anaosali nao, waliosoma naye, na wanaozungumza lugha ya nyumbani kwao.

Nakubaliana na hoja hiyo mpaka hapo. Mahali inapopungukiwa ni pale inapodhani kwamba kila neno linalosemwa na mtu juu ya mtu mwingine ni la aina moja. Anayetaka kuona tofauti aende katika chama cha akiba na mikopo kilicho karibu naye, kwa sababu huko Wakenya wa kawaida wamelitatua tatizo hili zamani bila kulipa jina kubwa. Mwanachama anayetaka mkopo, ambao mara nyingi hufika mara tatu ya akiba yake, hutakiwa kuleta wadhamini. Kila mdhamini hutia saini akijua kwamba mkopaji akishindwa kulipa, deni litakatwa kwenye akiba yake yeye. Ndiyo maana mdhamini mwenye akili haangalii tu kama mwombaji ni binamu yake. Huuliza mkopo ni wa nini, hukumbuka ule uliotangulia ulilipwaje, na mara nyingi, kwa aibu na upole mwingi, hukataa. Kila aliyewahi kukatwa mshahara kwa ajili ya deni la mwenzake anajua kwamba saini ile si maneno matupu. Na kila aliyewahi kudhaminiwa na kulipa mpaka shilingi ya mwisho anajua pia kwamba mwaka uliofuata hakuhangaika kutafuta wadhamini.

Sasa mlinganishe mdhamini huyo na anayempenyeza mpwa wake katika ofisi ya umma. Mpwa akishindwa kazi, mjomba hapotezi kitu: mshahara unalipwa na hazina, uzembe unaumiza wananchi walio kwenye foleni, na mwenye kazi zaidi ni karani wa meza ya pili anayelazimika kuifanya kazi ya wawili. Mjomba hubaki na heshima yake kijijini, pengine ikiwa imeongezeka. Hapo ndipo ninapoweka mpaka kati ya mambo haya mawili. Nikitaka kujua kama neno la mtu ni udhamini au upenyezaji, nauliza hasara itamwangukia nani likiwa la uongo. Fundi wa Kibuye anayempeleka mwanagenzi mvivu kwa fundi mwenzake hatasikilizwa atakapoleta wa pili. Mkulima wa Ahero angetudanganya, yeye au jirani yake angefungiwa pampu na mtu asiyejua kazi. Maneno yao yana bei, na kwa hiyo yana uzito ule ambao barua imeupoteza.

Kipimo hiki hakimalizi wasiwasi wote. Hata mdhamini mwaminifu anaweza kuwadhamini watu wa kwao tu, kwa sababu ni wao tu ambao kazi yao ameiona. Ndiyo sababu nasema waziwazi kwamba katika utumishi wa umma udhamini hauwezi kuchukua nafasi ya ushindani. Nafasi itangazwe, watu wapimwe, orodha fupi ipatikane kwa ustahili, kisha ndipo mashahidi wapigiwe, na anayetoa ushahidi aseme wazi uhusiano wake na mwombaji ni upi. Utaratibu huo ukigeuzwa, simu ikatangulia na tangazo likafuata kwa ajili ya kutimiza wajibu tu, hapo hakuna maelezo yatakayouosha.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote, na ambayo kwa bahati mbaya ndiyo inayosambaa kwa kasi zaidi, ni ile inayosema kwamba kwa kuwa barua hazifai tena, kilichobaki ni kumtafuta mkubwa. Kwa ajili ya hoja hii vijana wanalipia viti kwenye mikutano ya hotelini, wanakusanya kadi, wanapiga picha na meneja fulani, na kesho yake wanamtumia ujumbe unaoanza kwa salamu ya heshima na kuishia kwa ombi la kazi. Inadhani kwamba kazi ziko mikononi mwa wachache walio juu, na kwamba ukaribu nao ndio utajiri. Utafiti uliofanywa nje, katika jamii ambazo zina matabaka yao pia, hauungi mkono dhana hiyo. Katika makala aliyoichapisha mwaka 1973, mwanasosholojia Mark Granovetter alieleza alichokipata alipowahoji watu wa kazi za kitaalamu, za kiufundi na za usimamizi katika kitongoji kimoja karibu na Boston, Marekani. Miongoni mwa waliopata kazi kupitia mtu wanayemjua, asilimia 16.7 tu walikuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara wakati huo, asilimia 55.6 walionana naye mara mojamoja, na asilimia 27.8 walionana naye mara moja kwa mwaka au chini ya hapo. Aliyeleta habari ya kazi mara nyingi alikuwa rafiki wa zamani wa chuoni, au mtu waliyewahi kufanya kazi pamoja, au aliyewahi kuwa mwajiri. Granovetter alifafanua kwamba walio karibu nasi sana huzijua habari zile zile tunazozijua, ilhali aliye mbali kidogo hukaa katika mzunguko mwingine, na ndiye anayeleta jambo ambalo bado hatujalisikia.

Tazama watu wa orodha hiyo: mwanafunzi mwenza, mfanyakazi mwenza, bosi wa zamani. Hakuna aliyetafutwa hotelini. Uhusiano wao ulizaliwa ndani ya kazi au masomo, ukapoa kidogo bila kuzimika, na siku moja ukaleta habari. Utafiti mkubwa zaidi, uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2022 kwa kutumia data ya watu milioni 20 wa mtandao wa LinkedIn, uliunga mkono jambo hilo na kuongeza mawili ambayo washauri wa hotelini hawayataji. La kwanza ni kwamba uhusiano uliosaidia zaidi haukuwa ule ulio dhaifu kabisa. Ulikuwa wa kiasi, wa watu wanaofahamiana na wenye marafiki kadhaa kwa pamoja. Kadi ya biashara iliyopokelewa mara moja kwenye foleni ya chakula haifiki hapo. La pili ni kwamba watu wa mbali walisaidia zaidi katika sekta zinazotegemea sana teknolojia ya kidijitali, na katika sekta zisizoitegemea sana watu wa karibu ndio waliosaidia zaidi.

Jambo hilo la pili linatuhusu sisi wa magharibi mwa Kenya kwa namna ya pekee, ingawa data yenyewe haikukusanywa kwa ajili yetu. Mwandishi wa programu anayeishi Milimani, Kisumu, anaweza kupata kazi kupitia mtu wa Kigali ambaye wamesaidiana tu katika kurekebisha kosa la programu. Fundi wa majokofu, mpishi, muuguzi wa kliniki ya binafsi au msimamizi wa vizimba vya samaki ziwani anahitaji mtu aliyesimama karibu naye akamwona akifanya kazi. Ushauri mmoja hauwafai wote, na wanaowahimiza mafundi wa Kondele wajaze kurasa zao za mtandaoni kana kwamba ni wahandisi wa programu wanawapotezea muda.

Lakini hata kwa wanaohitaji mashahidi wa karibu, ipo hatari ya ukaribu kupita kiasi, na sisi tumeiona ikitimia. Ukanda wetu wa sukari ulikuwa na viwanda vilivyolea miji mizima. Miwani, kilichokuwa cha kwanza cha aina yake nchini tangu 1922, kilinyamaza, na Mumias, kilichoanza kusaga miwa mwaka 1973, kiliwekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi anayeshika mali ya kampuni iliyolemewa na madeni, mwaka 2019 baada ya kudhoofika kwa miaka. Mtu aliyefanya kazi katika kiwanda kama hicho kwa miaka ishirini aliishi katika nyumba ya kampuni, alicheza katika timu ya kampuni, watoto wake walisoma pamoja na watoto wa wenzake, na kila aliyeijua kazi yake alikuwa akilipwa na mkono ule ule. Mitambo iliposimama, mashahidi wake wote walikuwa nje ya lango pamoja naye, wakitafuta alichokuwa akikitafuta yeye. Hakukosa ujuzi wala marafiki. Alichokosa ni mtu wa nje aliyewahi kumwona akitengeneza bomba la mvuke. Nikiwaza juu ya uhusiano wa kikazi katika eneo letu, hofu yangu kubwa ni hiyo, kuliko hata hofu ya wakubwa wanaobana milango: kwamba tunafahamiana sana na wachache walio chungu kimoja nasi, na hatufahamiki hata kidogo kwa majirani.

Na majirani tunao. Kutoka Kisumu matatu inakufikisha Luanda, Kakamega, Ahero au Kericho ndani ya asubuhi moja, na katika safari hiyo fupi umepita katikati ya samaki, mpunga, miwa na chai, na katikati ya jamii nne au tano ambazo kila moja ina makanisa yake, vyama vyake na makundi yake ya mtandaoni. Granovetter angeliona eneo hili angesema kwamba habari za kazi ziko hapo katikati, kwenye viungo vinavyoshikanisha makundi hayo. Fundi wa pampu wa Kijaluo anayejulikana kwa kazi yake na wakulima wa chai wa Kipsigis, au mhasibu wa Kiluhya aliyewahi kuwapangia hesabu wafanyabiashara wa Kihindi mjini, ana kitu ambacho kundi la watu wa nyumbani haliwezi kumpa. Zaidi ya hayo, shahidi wa namna hiyo ni mgumu kumtilia shaka, kwa sababu hakuna atakayesema anamtetea mtu wa kwao.

Kuna waungwana wanaojibu haya yote kwa methali kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, wakimaanisha kwamba mtu afanye kazi yake vizuri na kunyamaza. Nawaheshimu, kwa kuwa wengi wao ni watu wa kazi kwelikweli. Ila kizuri hujiuza kwa aliyekiona tu. Muuguzi anayewahudumia wagonjwa vizuri katika zahanati ya pembeni, na ambaye hajawahi kumweleza mwenzake wa zahanati nyingine alivyopanga daftari la chanjo hata akinamama wakaacha kukosa tarehe zao, amekiweka kizuri chake kabatini. Kumweleza mwenzake si kujitembeza. Ni kumpa kitu cha kumfaa, na hapo hasa ndipo uhusiano wa kweli unapoanzia: mtu anatoa kabla ya kuomba, tena kwa aliye sawa naye au aliye chini yake, ambaye wakati huo hana lolote la kumlipa.

Anayesema kwamba kijana hana cha kutoa hajaangalia vizuri. Kijana anaweza kurudisha kifaa alichoazimwa kikiwa kimesafishwa. Anaweza kumpigia simu aliyemshauri na kumweleza matokeo, hata kama matokeo ni kwamba hakupata kazi. Jambo hilo wengi hawalifanyi, na mimi binafsi nikilifanyiwa sisahau. Anaweza kumtumia mwenzake tangazo lisilomfaa yeye. Haya ni madogo, na yanachosha kwa sababu hayaleti kitu wiki hiyo wala mwezi huo. Yanajijenga polepole kama akiba za chama, na kama ilivyo kwa akiba hizo, anayefika kutaka mkopo siku ya kwanza hupewa fomu na kuambiwa aanze kuweka.

Hoja moja zaidi inanisumbua, na sina budi kuikabili. Uhusiano mwingi unaoitwa wa kikazi hujengwa baada ya saa za kazi: kwenye nyama choma za Ijumaa, kwenye samaki wa Dunga, kwenye mpira wa Jumamosi. Mama mwenye mtoto mchanga hayupo hapo, na msichana aliyekuwepo huweza kukuta kwamba mkubwa aliyeahidi kumshika mkono alikuwa na mkono wa nia nyingine. Kwa wanawake wengi, kuambiwa kwamba kazi hupatikana kwa mahusiano ni tishio. Sidhani jibu ni kuwaita nao kwenye meza ya Ijumaa. Jibu ni kuuondoa uhusiano wa kikazi mezani hapo na kuurudisha kazini, saa nne asubuhi, mbele ya watu. Shahidi wa kazi hahitaji kunywa na mtu ili aione kazi yake. Mwajiri anayewaamini tu watu aliokula nao anawatenga nusu ya wenye ujuzi hata kabla hajafungua barua.

Haya yakikubaliwa, wa kwanza kubadilika wawe waajiri. Wakati wa kuitisha majina ya mashahidi, waache kudai wakubwa watatu wenye vyeo, kwa maana mkuu wa idara aliyekuwa na wanafunzi mia nne huandika barua ile ile kwa wote. Waitishe mteja, mwenza, au mtu aliyefundishwa na mwombaji. Wasiulize kama ni mtu mzuri. Waulize walimwona akifanya nini, lini, na nini kiliharibika na akakirekebishaje. Kwa kazi za mikono na hata nyingi za ofisini, wanaweza kumpa mwombaji aliyefika mwisho siku moja ya kazi na kumlipa siku hiyo, maana kazi ya majaribio isiyolipwa ni wizi wenye tabasamu.

Lakini mahali ambapo mashahidi wa kwanza wa kijana huzaliwa, au hukosa kuzaliwa, ni kwenye mafunzo ya nyanjani. Kila mwaka, hasa kati ya Mei na Agosti, wanafunzi wa vyuo vya ufundi na vyuo vikuu vya Maseno, Kakamega, Bondo, Bungoma na Njoro huingia katika ofisi na karakana kwa majuma kumi na mawili hivi. Wengi wao huyamaliza wakitoa nakala na kupeleka faili ghorofa ya pili, na siku ya mwisho msimamizi huwekewa mbele kitabu cha kumbukumbu ambacho hukitia saini kurasa zote kwa mkupuo, akiwa amesimama, huku akimwuliza mwanafunzi jina lake. Nimeona vitabu hivyo. Nafasi ya mwanafunzi kueleza aliyoyafanya ni ukurasa mzima. Nafasi ya msimamizi kusema alichokiona ni mstari mmoja mwembamba ambao hautoshi zaidi ya neno zuri na tarehe. Majuma kumi na mawili ya mtu yanakosa shahidi kwa sababu ya upana wa mstari. Ukipanuliwa uwe nusu ukurasa, na msimamizi akatakiwa kila Ijumaa kuandika kwa maneno yake jambo moja aliloliona likifanywa, na kuacha nambari yake ya simu hapo, atalazimika kwanza kumpa mwanafunzi jambo la kufanya. Hilo halihitaji sheria mpya wala bajeti ya kaunti. Vitabu hivyo huchapishwa upya kila mwaka kabla ya Mei.